Kwanza, Vua Shati Jeupe

Darasani siku ile tulikuwepo hawa. Mimi. Ndeshi, dada yangu niliyemfuata kuzaliwa. Anaeli, binti wa baba mdogo. Wenzetu wengine wa Nkoaranga, kijiji chetu cha mlimani. Na Mwalimu Salimu, mtu wa Pangani huko pwani, asiye na ndugu mlimani kote. Bado alikuwa anatawala Mwingereza.

Mjukuu wangu, nakuandikia nimechoka. Jana ulinisomea insha yako: "Ndizi ni muhimu sana kwa maisha ya binadamu." Ukurasa mzima, wala hakuna hata ndizi moja iliyomenywa! Nikamkumbuka Mwalimu Salimu.

Alitupa mtihani: mweleze asiyejua namna ya kupika ndizi. Na baba mdogo alishasema, Anaeli akishindwa mwaka huu basi, akae nyumbani akate majani ya ng'ombe. Anaeli, aliyetushinda sote jikoni, akaandika mstari mmoja tu: "Menya ndizi, pika kama mama anavyopika."

Mwalimu akasoma, akashusha pumzi. Akaagiza ndizi mbichi, akashika kisu, akafuata vile vile alivyoandikiwa. Hakupaka mafuta mikononi, hakuweka maji karibu. Utomvu ukamganda vidoleni, ukalichafua shati lake jeupe, na utomvu ule hautoki hata ufue vipi. Wa kwanza kucheka alikuwa Ndeshi, yule hajui kujizuia.

"Anaeli, mbona hukuniambia?"

"Mwalimu, kila mtu anajua."

"Kwa hiyo mimi si mtu? Na huyo mama yako nitampata wapi?"

Mwalimu alikuwa amechoshwa nasi kweli, lakini akamrudishia karatasi. Anaeli akaanza upya: "Kwanza, vua shati jeupe. Pili, paka mafuta mikononi." Mwalimu akasoma huku akipika mpaka ndizi zikaiva, akampasisha. Majani akakata baba mdogo mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukiandika, mwandikie mtu wa Pangani. Hajaona jiko letu, hamjui mama yako. Mwambie kinachoanza, kinachofuata, na kitakachomchafua. Hayo ya umuhimu kwa binadamu atayaona mwenyewe akishashiba. Mungu aubariki mkono wako, akupe na msomaji mvumilivu kuliko mimi.

Na wewe Ndeshi, au yeyote aliyekuwepo, kama nimekosea, nisahihisheni. Ila msiniandikie tu "Bibi amekosea." Andikeni nimekosea wapi, na ilikuwaje, tangu mwanzo.