Video ya Jubilei Iliyokataa Kufunguka

Mama hakuwahi kusikia hotuba ya baba. Siku ya jubilei ya ndoa yao, baba alipokuwa akiongea na wageni mbele ya nyumba yetu, mtaani Hewa Bora, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akisimamia masufuria. Baba alipofariki, mama akaanza kuulizia video. Aliyeirekodi ni kaka yangu, kwa kamera yake ndogo ya zamani, kabla hajahamia Sakania kufanya biashara.

"Baba alisema nini?" nilimuuliza kaka kwa simu.

"Sikumbuki. Mi nilikuwa naangalia batri tu, isizime."

Akanitumia video kwenye flashi. Kompyuta yangu iliifungua, lakini spika zake zilikuwa zimekufa siku nyingi. Nikamwona baba akichezesha midomo tu. Simu ya mama ilikataa kabisa: faili haifunguki. Ikabidi niigeuze iwe ya aina ambayo simu inaielewa. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Mara ya kwanza ikatoka picha bila sauti. Mama akanirudishia simu papo hapo.

"Hii ni ya nini sasa? Uso yake naijua."

Nikatafuta programu nyingine. Hiyo ilileta sauti, ila ilimvuta baba akawa mpana kama kabati, kisha ikakwama baada ya "Bandugu, asanteni." Mama alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyemkatiza.

"Umuache amalize!"

Nikarudi kwangu Bel-Air, nikaanza upya. Kazi ikiwa karibu kuisha, umeme ukakatika mtaa mzima, na kompyuta ikazima nao. Niligonga meza hadi kiganja kikaniuma. Ulipowaka tena, mama alikuwa ameshapiga simu.

"Ilishaisha?"

"Bado, mama."

"Juu ya nini? Kwa jirani bavideo yote inafunguka!"

Nikakata simu kabla sijajibu vibaya.

Mwishowe nikagundua kwamba nilikuwa nikibadilisha picha tu, sauti naiacha katika mtindo wake wa kizamani. Nikabadilisha vyote viwili. Nikaijaribu kwenye simu yangu sekunde chache, nikasikia baba akikohoa, nikaizima. Sikutaka kumtangulia mama.

Jumapili baada ya misa tuliketi sebuleni kwake. Kwenye video, baba akamshukuru padri. Akawashukuru wakwe, akawashukuru wenzake wa reli, mmoja mmoja, hata aliyeleta viti. Mama alikuwa amekunja uso. Nami nilianza kuchemka: jasho lote lile kwa ajili ya mtu wa viti?

Kisha baba akageuza kichwa. "Na muke wangu? Iko wapi? Mumuite, nataka kumuambia kintu mbele ya bantu."

Wageni wakaita. Kamera ikayumba kuelekea mlangoni. Hakuja mtu; kule nyuma kwenye masufuria hakuna aliyesikia. Baba akangoja, akacheka, akapangusa miwani.

"Basi. Nitamuambia tukibaki siye babili."

Video ikaisha. Nilimtazama mama, nikiogopa kuuliza baba alimwambia nini. Hakungoja niulize.

"Hakuniambiaka kitu!" alifoka, akiisogeza simu karibu na uso wake. "Bageni balienda, alivua viatu, akalala! Weye muntu weye!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na alikuwa bado anamgombeza baba alipobonyeza video ianze tena.