Daftari Juu ya Kibodi ya Sista

Naandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa. Mimi ni fundi kompyuta wa hapa Lipangalala, najisifu kuliko ninavyojua.

Sista wa parokia yetu aliniletea kompyuta kuukuu, ya aina ambayo sikuwahi kuishika, niiwekee mfumo mpya bila kugusa nyimbo za kwaya alizoandika humo kwa miaka mingi. Jirani yangu anakoboa mpunga, vumbi la pumba haliishi. Kwa hiyo kila nilipoiwasha niliifunika kibodi kwa kitambaa alichofuma Sista mwenyewe, na juu yake nikaweka daftari zito kisipeperuke.

Mashine ikawa inakwama kwenye menyu ya kuchagua mfumo, ambayo kwa kawaida hupita yenyewe. Nikailaumu bootloader, ile programu inayoanzisha mfumo, nikaiandika upya mara nne. Siku ya tatu, kwa hasira, nikachomoa diski, nikaifuta yote kwa laptop yangu na kuiwekea mfumo upya humohumo. Ikakwama tena. Nikampigia: "Shikamoo Sista. Imekufa."

Alipokuja nikaiwasha ajionee. Akaondoa daftari ili akunje kitambaa chake. Hapohapo mashine ikaendelea, ikafunguka.

"Kumbe daftari lako ndilo lilikuwa linabonyeza vitufe!" akacheka, akivuta kiti. "Haya mwanangu, nifungulie nyimbo zetu."