Zamda wa Ukutani

Ukuta wa darasa la tatu, katika shule ile ya ukingoni mwa Rufiji, upande wa Mkongo, umepakwa rangi mara nyingi kuliko kucha za bibi harusi. Kila wageni wa kujitolea wakija, ni rangi. Choo hakina mlango, lakini rangi! Wanafika na gari lao, wameshasimama Bungu kununua mananasi, wanakaa wiki tatu, wanawafundisha watoto nyimbo za kupiga makofi, wanapaka, wanalia wakiondoka, kwaheri. Hatuwacheki. Ni watoto wa watu, wamelelewa, na sahani wanaosha wenyewe. Ila tuseme kweli.

Mpishi wa shule, na wao wakija, ni Mwamini, tangu kundi la kwanza kabisa. Mkono mwepesi, mdomo mzito. Kazaliwa hapahapa, kalima mpunga na mahindi ya mlau, yale yanayopandwa mto ukisharudi nyuma, kalala juu ya dungu akifukuza nguruwe, kaolewa na Kondo, kaharibikiwa na mimba mbili, halafu ndipo akapata Zamda. Baada ya Zamda hakuja mwingine. Basi alivyokuwa akimsuka nywele mtoto yule, mtu ungemhurumia bila kujua kwa nini.

Miaka minne iliyopita alikuja binti mmoja mrefu anaitwa Hanne. Huyo alijua kuchora, si utani. Zamda alikuwa akimletea maji ya kuoshea brashi, na Hanne akampenda, akamchora ukutani mzima mzima: gauni la njano, ndoo kichwani, mguu mmoja mbele, anacheka, anakuja moja kwa moja kwako. Kijiji kizima kilikwenda kutazama. Mwamini alijifunika uso kwa kanga kwa aibu na furaha. Hanne akapiga picha nyingi kwa simu yake, akalia, akaondoka nazo zote.

Mvua za masika zilipoanza, Zamda alikwenda kuteka maji na wenzake, mamba akamchukua. Wanaume walishinda mtoni na mitumbwi na mikuki mpaka wakachoka. Ndoo walirudi nayo. Mtoto hawakurudi naye, hata kipande cha gauni. Hanne hakuambiwa. Nani angemwambia, na kwa njia gani?

Maalim Abdulatifu, anayesalisha msikitini, alikuja siku ileile ya kukata tamaa. Akasema kwa upole, "Mwamini, mwili usipopatikana dini haijatufungia mlango. Ipo sala ya ghaibu. Tumsalie mtoto, tukae matanga, apumzike na wewe upumzike."

"Nimsalie mtu ninayemwona?" Mwamini akamjibu. "Si yule pale ukutani anakuja na maji? Kachelewa tu."

Watu wakatazamana. Msiba bila mfiwa haukaliki, basi hakuna aliyetandika mkeka. Kila mtu akarudi shambani kwake na pole yake mdomoni.

Tangu hapo ikawa ada. Asubuhi Mwamini akipita kwenda jiko la shule, anasimama mbele ya ukuta. Husikii lolote, ila yeye anasikia shikamoo, maana anaitika, "Marahaba, mwanangu. Nzito hiyo ndoo?" Mchana anapakua sahani ndogo, wali na mchuzi juu yake, anaiweka chini ya miguu ile iliyochorwa. Jioni sahani ni tupu. Kuku ndio walikula, kila mtu anajua ni kuku, lakini hakuna aliyethubutu kusema kuku mbele yake.

Kondo, mumewe, alivumilia akashindwa. "Mie siwezi kuishi na mke anayeupakulia ukuta," alisema, akahamia Bungu kwa mke mdogo. Usimlaani haraka. Naye alikuwa baba, na kila akipita shuleni mtoto wake alikuwa akimjia mbio na hamfikii.

Na ule ukuta ulitisha, jamani, tusijifanye majasiri. Popote utakaposimama uwanjani, macho yake yanakufuata. Mvua ikinyesha, michirizi ilitoka machoni mwake ikashuka mpaka kwenye gauni. Mwalimu mkuu, Mwinyimvua, alisema ni rangi duni. Haya, rangi duni. Mbona yeye mwenyewe dirisha la upande ule alilifunga hata siku za joto la kukata pumzi? Watoto waliacha kupita pale. Walizunguka nyuma ya choo, bora harufu. Wengine walisema wanasikia maji yakicheza ndooni. Mwamini alipoambiwa hayo hakukasirika. Alifurahi kwamba si yeye peke yake.

Mwaka huu wakaja wageni wengine, na mkubwa wao binti mfupi mchangamfu, Lotte, aliyejitahidi na Kiswahili mpaka ukamwonea raha. Walitaka kuchora ramani ya dunia. Wapi? Ukuta wa darasa la tatu, kwa kuwa ndio mpana. Kamati ya shule, ambayo kununua chaki tu huwa inabishana wiki nzima, siku hiyo ilikubali kabla chai haijapoa. Hapakuwa na mtu asiyetaka kuokolewa na macho yale.

Mwamini alisikia akiwa anasonga ugali. Akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akaenda, akatandika kanga chini, akakaa ameupa ukuta mgongo.

"Atakayempaka mwanangu anipake na mimi," alisema.

Wageni siku hiyo walikula ugali ulioungua, wakashukuru. Wifi yake Salima, dada yake Kondo, alikwenda kumbembeleza. "Wifi, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame. Sina kaburi, sina picha, sina nguo yake iliyobaki na harufu. Nina hapa tu. Mkipafuta hapa mmemuua wenyewe, na safari hii hamna mamba wa kumsingizia."

Salima akatandika kanga yake ubavuni. Akakaa naye.

Ikabidi Mwinyimvua amweleze Lotte, kwa Kiingereza chake cha kusimama na kuanza upya. Binti wa watu alilia mpaka pua ikawa nyekundu. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya Mwamini. Hawatamfuta mtoto, alisema. Ramani itakwenda kwingine. Tena rangi inabanduka usoni, yeye atamtengeneza Zamda awe mpya, kama zamani. Alisema kwa moyo safi kabisa. Kijiji kikaguna. Mwamini akamkumbatia, na kesho yake akamkaangia vitumbua.

Lotte alifanya kazi kutwa nzima juu ya ngazi, na kilemba kichwani. Alianza na jicho la kulia, shavu, na nusu ya mdomo. Alasiri akamwita Mwamini aje aone.

Mwamini alikuja anakausha mikono kwa kanga. Akatazama. Akatazama tena. Nusu moja ya uso ilikuwa ya zamani, imepauka. Nusu nyingine iling'aa, nzuri, ya mtoto wa mtu mwingine.

"Siyo hivyo," alisema.

Lotte hakuudhika. Akamwomba Mwinyimvua atafsiri: basi mama anieleze alivyokuwa, nami nitarekebisha. Jicho lilikuwaje?

Mwamini akafungua mdomo. Akafumba macho amtafute Zamda, ampate pale alipolala mkekani, pale alipokuwa akinawa uso. Kilichokuja kilikuwa gauni la njano na ndoo. Akasukuma huko nyuma zaidi. Gauni la njano na ndoo.

"Salima!" aliita. "Njoo unisaidie. Jicho la Zamda lilikuwaje?"

Salima akaja, akautazama ukuta kidogo tu, kwa kuwa naye aliuogopa. "La kulia lilikuwa dogo kidogo kuliko la kushoto," akasema. "Na hapa juu ya nyusi si alikuwa na kovu? Aliangukia kinu, ungali unamnyonyesha. Ulilia wewe kuliko yeye."

Kovu. Mwamini akarudi kuutazama ule upande wa zamani na ule mpya. Kovu halikuwepo hata upande mmoja. Hanne hakulichora. Labda hakuliona, labda aliona halipendezi. Na Mwamini, aliyelibandika dawa kovu lile kwa vidole vyake, alisimama mbele ya uso usio na kovu kila asubuhi ya Mungu na hakuliulizia.

Akajishika kichwa. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kawaida yake.

"Sasa mimi nilikuwa namwitikia nani, Salima? Nilikuwa nampa chakula nani?"

Mwinyimvua hakulitafsiri swali hilo. Lotte alishuka ngazini na brashi mkononi, anauliza amekosea nini, amekosea nini, na Mwamini akamshika bega, akamwambia hajakosea kitu. Ilikuwa kweli.

"Mkaniitie Maalim," akasema.

Asubuhi yake wanawake walikuja na ndoo za maji na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Maalim Abdulatifu alipoona akatikisa kichwa. "Mwamini, ukuta hauoshwi josho la maiti. Hilo halipo."

"Basi siuoshi josho, Maalim. Nafuta vumbi. Kuna aya inayomkataza mama kumfuta mwanawe vumbi?"

Maalim akamtazama, akageuka akaenda kupanga safu za wanaume uwanjani.

Walifuta kuanzia kuume, kama inavyotakiwa, taratibu, bila gumzo. Rangi ya zamani ilibanduka vipande vipande, maji yakashuka ya njano. Ndipo Lotte na wenzake wakapewa ishara, wakaja na ile rangi nyeupe ya kutangulizia. Mwinyimvua alikuwa amewaambia neno moja tu, wasipige picha, na hawakupiga. Walipaka kutoka miguuni kwenda juu. Miguu ikaenda, gauni likaenda, mikono. Walipofika shingoni Lotte akasimama, akamwachia Mwamini brashi.

Mwamini akapanda ngazi. Alikaa pale juu muda, uso kwa uso, anatafuta. Kisha akachovya brashi akachora mstari mmoja mweupe juu ya nyusi ya kulia, pale penye kovu, akautazama, halafu akaufunika uso wote.

Wanaume wakasali sala ya ghaibu. Kondo alikuwa safu ya nyuma. Alikuwa amefika kwa bodaboda toka Bungu, hakuna aliyejua nani alimpigia simu. Baada ya sala hakumsogelea Mwamini, wala Mwamini hakumwita, lakini alibaki, akasaidia kubeba mikeka.

Jua lilikuwa limeshapanda na wageni hawajala. Mwamini akajifunga kanga kiunoni, akaelekea jikoni kama kila siku, akapuliza moto, akanyoosha mkono kuchukua mwiko. Salima akamnyang'anya.

"Nenda kakae," alisema.

"Wageni watakula nini?"

"Watakula tutakachopika sisi. Mfiwa hapiki."

Mwamini akasimama katikati ya jiko, mikono mitupu, hajui aipeleke wapi. Kisha akatoka. Mkeka ulikuwa umetandikwa chini ya ukuta wa darasa la pili. Akakaa, miguu ameinyoosha, na wanawake wa kijiji wakaanza kuja mmoja mmoja, wanainama, wanampa mkono, wanatoa lile neno walilokaa nalo miaka minne.

"Pole, Mama Zamda."

"Nishapoa," aliwajibu, kila mmoja, kama desturi inavyotaka, na machozi yanamtiririka mpaka kifuani.