Ziada Aliyekataa Papasi Wetu

Mkwe wangu Ziada ni jeuri, na nikimwambia hivyo anacheka tu. Alikuwa akifua mashuka kwenye gesti za Mikumi, akaolewa na mwanangu Yassin huku kwetu Msowero mwaka tisini na mbili, enzi za ruksa, simenti ilipoanza kupatikana madukani bila kujuana na mtu. Basi kitu cha kwanza alichomwomba mumewe ni sakafu ya simenti. Si kitenge, si redio. Simenti!

Nikamwuliza, "Kwani udongo umekukosea nini?"

"Shikamoo, mama. Udongo una nyufa, na kwenye nyufa wanakaa papasi."

Papasi ni wadudu wa kijivu, jamaa zao kupe. Mchana wanajificha sakafuni, usiku wanakunyonya. Nyumba zetu za zamani zote wamo. Mgeni akilala humo, baada ya wiki anashikwa na homa. Inamwachia, inarudi, inamwachia tena. Sisi wenyeji tumezoea. Ndiyo maana binti akiolewa mbali, mama yake humfungia papasi wa nyumbani kwenye kitambaa, akawaachie chumbani kwake wamuume kidogo kidogo, damu isisahau. Mimi mama yangu alinifungia sita.

Sasa mkwe wangu analala juu ya simenti! Nikasema, huyu siku akilala kwa jirani atatufia. Nikachokoa sakafu yangu, nikapata sita, nikawatia kwenye maungio ya kitanda chake yeye akiwa kisimani. Sikumwambia mtu. Wallahi nilifanya kwa mapenzi.

Mimba ya kwanza ikatoka na homa. Ya pili, mtoto alizaliwa mwezi wa saba, akalia mara moja, basi. Nikasema kuna mkono wa mtu hapa, twende kwa mganga. Ziada akakataa katakata.

"Siendi. Mimi nataka kujua naumwa nini."

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano, homa hiyo tena. Mara mbili alipewa klorokwini ya malaria bila kupimwa, na mara mbili homa ikaondoka siku chache ikarudi. Iliporudi mara ya tatu akavisukuma vidonge. Yassin akambembeleza, mimi nikafoka. Wapi! Akajifunga kanga huku anatetemeka, akapanda lori la mahindi kwenda Kilosa. Nikapanda naye, nikamsema njia nzima.

Huko Kilosa, sehemu za Mabwerebwere, kulikuwa na zahanati mpya ya mtu binafsi, na mpima damu wake alikuwa kijana anaitwa Thadeo. Akamwambia apumzike kwanza, homa ishuke.

"Ishuke iende wapi?" Ziada akamjibu. "Nipime sasa hivi ninavyowaka. Madereva wa malori kule Mikumi walikuwa wanaambiwa, homa ikishapoa mdudu haonekani."

Thadeo akatazama kwenye hadubini muda mrefu, halafu akaniita nami nitazame. Nikaona vitu vyembamba vimejisokota katikati ya damu.

"Homa ya papasi, bibi. Nyinyi wakubwa mnazoea. Mimba haizoei."

Ziada akachomwa sindano. Kesho yake tukarudi, na mchana kweupe akawakuta papasi kwenye maungio ya kitanda, akakitoa uani na kukitia moto, kisha akamwaga maji ya moto kila kona. Akasimama anatazama sakafu yake.

"Nyumba ya simenti hii. Wametoka wapi?"

"Si wale wafugaji tuliowalaza wakati wa mvua!" Yassin akasema. "Leo watanitambua." Akachukua fimbo.

Jamani, ningeweza kunyamaza. Wafugaji wangepigwa, mimi ningebaki na heshima yangu. Lakini miguu ilinitangulia mpaka mlangoni, nikamzuia.

"Rudisha fimbo. Ni mimi. Niliwatia mwenyewe."

Yassin akakaa chini. Ziada hakulia, wala hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Mama," akasema, "huyu akizaliwa mzima utamshika. Lakini mlango huu hutaupita na nguo uliyotoka nayo kwako. Utavua hapa, utavaa ya kwangu."

Nikaondoka nimevimba kwa hasira. Mimi, Mwamvua, nivuliwe kanga na mkwe! Nikaapa sitakanyaga pale.

Mtoto akazaliwa mwezi wa tisa, msichana, sauti mpaka barabarani. Siku saba nilikaa kwangu namsikia akilia. Siku ya nane uvumilivu ukaniisha. Nikaenda, nikakuta uwanja umejaa wanawake waliokuja kumpongeza mzazi. Ziada akanitazama, akaninyooshea kanga safi.

Nikavua kanga zangu pale pale, nikabaki na gauni la ndani, uzee wangu wote nje. Wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Ama kweli, Bi Mwamvua kapatikana!"

"Chekeni!" nikawaambia. "Mimi nilizika watoto watatu, wote wachanga, nikamgombanisha mume wangu na dada zake kwa kuwaita wachawi, kumbe ni papasi. Haya, mwenye kucheka aniambie yeye kazika wangapi."

Joha, jirani yangu wa miaka yote, akainama akaanza kufungua fundo la kanga yake, avue na yeye kabla ya kumshika mtoto.