Shikamoo ya Kipaza Sauti

Jumamosi alasiri, kwenye dansi ya wakata mkonge hapa Korogwe, mpiga gita kutoka Handeni aliletewa kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akakijaribu kwa neno alilozoea: "Shikamoo." Wazee wote ukumbini wakaitikia, "Marahaba."

Kisha akakibana kwenye tundu la gita na kuanza kupiga. Tulisikia ngurumo tupu, halafu spika ikapiga mluzi mkali. Watu wakaziba masikio, wengine wakaelekea mlangoni.

Bibi muuza maandazi akamfuata. "Mjukuu wangu, mkubwa unamwamkia umesimama wapi?"

"Mbali kidogo, bibi."

"Na hicho je?"

Kijana akatazama kipaza sauti, akarudi nyuma hatua moja na kugeuza tundu pembeni. Alipopiga tena, kila uzi ulisikika, na waliokuwa mlangoni wakarudi kucheza.

Jumatatu nilimkuta nyapara wetu akimfokea mkata mkonge pua kwa pua. Akanigeukia, akalalamika kwamba watu hawa hawasikii kabisa. Nilitamani kumwuliza anasimama wapi.