Zamu ya Maji Iliyokosa Jibu

Nilikwenda nyumbani Lumuma kumzika baba, na tangu tulipotoka makaburini nilikuwa naulizia basi la kupandia Mikumi. Kukaa kulinishinda. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, akaniambia nitulie nimpangie zamu za maji kwa hiyo kompyuta yangu.

Nikafurahi kupata la kufanya. Kwa lugha ya programu ninayotumia kazini, huielekezi kompyuta hatua za kufuata. Unaipa masharti tu, na programu inatafuta mpangilio unaoyatimiza yote. Nikaandika: kila shamba linyweshwe kabla vitunguu havijanyauka. Mashamba mawili ya tawi moja yasifungue pamoja. Mtu wa shamba asimame mwenyewe penye mlango wa maji, maana asiyesimama huibiwa na wa juu.

Programu ikajibu: hakuna jibu.

"Shikamoo baba mdogo. Inasema haiwezekani."

"Marahaba. Iambie maji yapo."

Nikaanza kuondoa sharti moja moja. Nilipofuta lile la kusimama, majibu yakamiminika. Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Hilo hulitoi. Wa kwanza kuibiwa atakuwa mama yako."

Nikalirudisha, nikatafuta upya, sasa kwa hasira, ni shamba gani linalokwamisha. Lilikuwa letu, la mwisho mferejini. Mama yuko eda, hatoki. Dada zangu wameolewa mbali. Na programu hii, usichokitaja inakihesabu hakipo. Nilikuwa nimetaja watu wa mfereji mzima nikajiruka mwenyewe, kwa sababu kichwani nilishapanda basi.

Niliichukia ile skrini. Vitunguu vile ndivyo vinavyomlisha mama mwaka mzima, na mimi sikutaka kubaki. Nikaandika mstari mmoja tu, kwamba mtu wa shamba lile ni mimi. Jibu likatoka kabla sijaondoa kidole: zamu yetu Alhamisi asubuhi, na kila wiki hadi mavuno.

Nikamwambia mama dirishani. Hakuuliza habari za basi.

"Mabuti ya baba yako yako nyuma ya mlango," alisema.

Nikayajaribu huku nikiomba yanibane. Yalinienea sawasawa, nikakaa chini nikalia.