Kadi Tatu za Solika

Fira Gurvich alikuwa mhandisi wa madaraja kule Kharkov, na hilo angekuambia kabla hujaketi. Alipohamia Haifa na mwanawe Lyova, nchi mpya ilimpokea kwa heshima zote: ikampa ndoo na ufagio wa shule ya chekechea. Kiebrania alijifunza humo humo, kwenye vibao vya milango na makopo ya sabuni, herufi za chapa akazishika sawasawa. Mwandiko wa mkono una herufi za sura nyingine kabisa, na huo hakuwahi kufundishwa. Lakini nani angethubutu kumwambia mhandisi kwamba hajui kusoma?

Siku ya harusi ya Lyova, mama wa bibi harusi, Solika Dahan, alikuwa amepika siku tatu na kujiona mwenye ukumbi. Akawaambia wahudumu, "Yule mama wa bwana harusi mwekeni kule pembeni. Haelewi neno hata moja."

Fira alielewa kila neno. Akala kimya, akaondoka kabla ya keki, na hakukanyaga tena kwa Dahan. "Aniombe msamaha kwanza," alimwambia Lyova. Lyova, mtoto wa hekima kubwa, akajibu, "Hayo ni yenu wenyewe," akaenda zake kula kwa mkwewe kila Ijumaa. Mjukuu, Noga, akajifunza kutembea kwenye zulia la Solika. Fira aliletewa picha.

Mwaka wa kwanza ukapita kimya. Kisha kadi za mwaka mpya wa Kiyahudi zikaanza kuja kutoka kwa Solika: picha ya komamanga, mtungi wa asali, "Mwaka mwema" kwa herufi za dhahabu, na chini yake mistari ya wino. Fira akasoma za dhahabu. Mistari ya wino akaipuuza. "Sukari juu ya sukari," akasema, akaibandika kadi kwenye friji. Ya pili akaibandika kando yake.

Ya tatu ikaja bila komamanga wala dhahabu, karatasi ya daftari tu, mwandiko mtupu. Fira akaigeuza juu chini, chini juu. Siku tisa alijivunga. Asubuhi ya kuamkia mfungo mkuu, siku ambayo Wayahudi huombana msamaha kabla yake, kiburi kikashindwa, akashuka kwa jirani yake Zipora, mwalimu mstaafu aliyeendelea kusahihisha jengo zima bila kuombwa.

"Nisomee, nimepoteza miwani."

"Unayo usoni," Zipora akasema, akaipokea karatasi. Akaanza kuifasiri kwa Kirusi cha mama yake. "'Fira, hii ni mara ya tatu nakuomba msamaha kwa maandishi...'"

"Ya tatu? Mwongo mkubwa huyo!"

"Hebu kalete hizo kadi nyingine."

Fira akazileta, zina matone ya mafuta. Zipora akasoma ya kwanza: "'Niliropoka mbele ya wahudumu. Tangu siku ile naona aibu. Nisamehe.'" Ya pili ilikuwa ile ile, fupi zaidi.

"Hongera, shoga," Zipora akasema. "Umeombwa msamaha miaka miwili, na kila ukitoa maziwa unautazama."

Zipora akamalizia ya tatu, safari hii bila kejeli: "'Kwa desturi yetu, aliyeomba mara tatu akanyimwa, ametimiza wajibu wake. Mimi sitaki kutimiza wajibu, nataka uje. Nitakuwekea sahani kwenye chakula cha mwisho kabla ya mfungo. Usipokuja, sitakusumbua tena.'"

Chakula hicho kilikuwa mchana huo huo, na mabasi yalikuwa yanakaribia kusimama kwa ajili ya mfungo.

"Niandikie jibu," Fira akasema.

"Nani atalipeleka, njiwa? Piga simu!"

Akapiga. Zipora akaiweka simu kwenye spika, eti kwa ajili ya tafsiri.

"Solika, ni Fira. Siku ya harusi nilielewa. Kadi ndizo sikuzielewa. Sijui kusoma mwandiko wa mkono."

Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nchi ile. Upande wa pili kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Ee Mungu wangu. Na nikakuandikia hivyo hivyo kila mwaka, mjinga mimi," Solika akasema, sauti ikikatika. "Njoo, mama. Sahani yako naiweka mwaka wa tatu huu, na naiondoa safi. Noga ananiuliza ni ya nani."

"Mwambie ni ya bibi yake," Fira akasema, huku akitafuta viatu.